Msiba Usio na Matanga: Ujane na Talaka Isiolo

Mwanamume Mwislamu akifa asubuhi mtaani Bulapesa, kwa kawaida jua halitui kabla hajazikwa. Kufikia magharibi ua umejaa mikeka, masufuria yamekopwa kwa majirani, na mjane amekalishwa ndani kati ya wanawake ambao hawatamwacha peke yake siku tatu nzima. Hakuna anayemuuliza atapika nini wala atalipa nini. Hina, manukato na nguo za mapambo vinawekwa kando, na kuanzia siku hiyo inahesabiwa miezi 4 na siku 10 ya eda, hesabu ambayo hata mtoto wa madrasa anaijua. Kila anayeingia ana la kusema, na kila mmoja anajua aseme nini.

Mtaa huohuo, mwanamke akiachwa asubuhi, jioni yumo garini kuelekea Garbatulla au Merti, mtoto mdogo mapajani na mzigo juu ya keria. Hakuna mkeka unaotandikwa. Jirani anayemwona akipita haulizi ameumia wapi, anauliza amekosa nini. Kwa mamake anapokelewa kwa chai na kwa ukimya, na baada ya wiki moja wazee wanaanza kujadili jambo lake kama deni linalosubiri kulipwa.

Wote wawili wamempoteza mume, na mara nyingi pia nyumba, kipato, majirani, na jina walilokuwa wakiitwa. Lakini mmoja amepewa muda wa kulia na watu wa kulia naye, mwingine amepewa maswali. Ukiniuliza kwa nini wengine huinuka mapema na wengine hubaki chini miaka, nitaanza na tofauti hiyo kabla sijaanza na nguvu ya moyo wa mtu. Tunapenda kuwaambia wafiwa wajikaze, kana kwamba kuzoea hasara ni kazi ya mtu mmoja gizani. Isiolo inaonyesha vinginevyo, kwa sababu hapa, katika kaunti ya watu 268,002 kwa hesabu ya mwaka 2019, Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu, Wameru na Wasakuye wanaishi karibu karibu, kila jamii na namna yake ya kumshika aliyefiwa au aliyeachwa. Soko ni moja, lakini njia za huzuni ni nyingi.

Kwanza tuondoe dhana moja ambayo imeenea hadi kwenye warsha na mahubiri: kwamba huzuni ina hatua tano, kukana, hasira, kubembeleza, unyonge na kukubali, na kwamba mtu huzipanda moja baada ya nyingine. Hatua hizo zilitoka katika kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, na aliandika kuwahusu wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Wajane hawakuwa somo lake la kwanza. Madhara ya kuifanya orodha hiyo sheria ni kwamba mjane ambaye hakukasirika anaambiwa bado hajaanza, na aliyekasirika mwezi wa nane anaambiwa amerudi nyuma.

Waliowafuatilia watu kwa miaka wameona jambo lisilonyooka namna hiyo. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Utrecht, Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza kwamba mfiwa huenda huku na huku kati ya kazi mbili: kuikabili hasara yenyewe, yaani kulia, kukumbuka, kumwongelea aliyekwenda, na kukabili maisha mapya, yaani karo, maji, madeni, mlango unaovuja. Asubuhi yuko huku, mchana yuko kule. Anayekwama upande mmoja ndiye wa kuhofiwa: yule anayelia tu, na pia yule asiyelia kabisa kwa sababu hana nafasi. George Bonanno na wenzake, mwaka 2002, walichapisha matokeo ya watu wa eneo la Detroit, Marekani, waliopimwa hata kabla ya kufiwa na wenzi wao. Karibu nusu walibaki imara, bila unyonge mkubwa, tangu miezi ya mwanzo hadi mwaka mmoja na nusu. Hao hawakuwa na mioyo migumu. Binadamu ana uwezo wa kustahimili kuliko tunavyomdhania.

Uchunguzi ulio karibu zaidi na swali letu ulifanyika Ujerumani, ambako maelfu ya watu wamekuwa wakiulizwa mwaka baada ya mwaka, tangu 1984, wanaridhika kiasi gani na maisha yao. Richard Lucas na wenzake walipoyachambua majibu hayo waligundua kwamba waliofiwa na wenzi walichukua takriban miaka 7 au 8 kurudi karibu na pale walipokuwa. Walioachana walikuwa tofauti kwa namna mbili. Kuridhika kwao kulianza kushuka kabla ya talaka yenyewe, na baada yake kulipanda kidogo kidogo lakini, kwa wastani, hakukurudi kikamilifu. Wengi watashangaa, maana tumezoea kudhani kifo ndicho kizito. Ndiyo, kwenye kipimo cha misukosuko cha Holmes na Rahe cha mwaka 1967, kufiwa na mwenzi kulipewa alama 100 na talaka 73. Lakini uzito wa pigo na urefu wa jeraha ni mambo mawili.

Wajerumani wana pensheni na bima, hivyo miaka yao 8 haiwezi kupandikizwa Kinna au Oldonyiro. Lakini umbo la matokeo linafanana na tunaloliona hapa: aliyefiwa anaanguka ghafla kisha anapanda, aliyeachika ameshaanza kuanguka zamani, ndani ya nyumba, bila mtu kuona.

Tuitazame eda kwa karibu, kwa sababu ndiyo asasi kubwa ya huzuni katika mji huu wenye Waislamu wengi. Wakosoaji wanaiona kama kifungo. Nadhani hawajakaa na mjane wa mwezi wa pili. Kazi ya kwanza ya eda ni kumwondolea mwanamke uamuzi: haposwi, hachumbiwi wazi, haulizwi atahamia wapi. Shemeji mwenye haraka ya kugawa mbuzi anaambiwa asubiri. Na pale ambapo wengi hudhani mjane haruhusiwi hata kuvuka kizingiti, mafaqihi wengi wanamruhusu kutoka mchana kwa haja yake na kurudi kulala nyumbani. Ruhusa hiyo ni kubwa katika mji ambao biashara ya maziwa ya ngamia iko mikononi mwa wanawake. Maziwa yanafika alfajiri kutoka malishoni, yanaonjwa, yanapimwa, yanamiminwa kwenye mitungi ya plastiki ya manjano, kisha yanapakiwa kwenye mabasi ya Nairobi ili yafike Eastleigh hayajaharibika. Biashara hiyo haimngoji mtu. Mjane anayeuza maziwa atalia usiku na kuhesabu lita asubuhi, na kwa kufanya hivyo anatimiza, bila kufundishwa, ule mwendo wa huku na huku ambao Stroebe na Schut waliuandikia makala.

Niliwahi kumsikia mama mzee akizungumza na mjane kijana aliyekuwa ameona haya kurudi kazini.

“Mwanangu, maziwa yako nani anayapokea?”

“Dada yangu, mama. Lakini wateja wanamkimbia.”

“Basi kesho nenda, uangalie, urudi kabla ya magharibi. Marehemu hakukuachia njaa iwe sadaka yake.”

Yale yalikuwa matibabu. Yule mama hakumwambia asilie wala asahau. Alimfungulia mlango mmoja bila kufunga mwingine.

Lakini eda ina mwisho wake, na siku inapomalizika ndipo upweke wenyewe huanza. Wageni wameshatawanyika na watoto wanadai viatu, na hapo urithi unaingia. Kwa sheria ya Kiislamu, marehemu akiacha watoto mjane hupata thumuni, moja ya nane, na asipoacha watoto hupata robo. Wakiwa wake wawili, fungu hilo hilo moja wanaligawana. Mahari iliyobaki bila kulipwa ni deni la mali ya marehemu na hulipwa kabla ya mgao, jambo ambalo wajane wengi hawalidai kwa aibu. Kwa wasio Waislamu mambo yana mkunjo ambao watu wachache mjini wanaujua. Sheria ya Urithi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1981, inampa mjane mwenye watoto haki ya kuitumia mali maisha yake yote, lakini ilivyotungwa haki hiyo ilikoma akiolewa tena, sharti ambalo halikuwekewa mgane. Na kuna wilaya ambazo sheria yenyewe iliziacha nje kuhusu ardhi ya kilimo, mazao na mifugo ya aliyekufa bila wosia, ambako mila ya marehemu ndiyo inayotawala. Isiolo imo, pamoja na Marsabit, Samburu, Turkana na nyinginezo za wafugaji. Kwa familia ambayo mali yake yote ina miguu minne, hiyo ni kusema mjane anaingia mikononi mwa wazee wa ukoo.

Hapa ndipo hisia na mifugo vinaposhikana hata usiweze kuvitenganisha. Mwanamke wa Kisamburu anayefiwa haolewi tena kwa mila. Anabaki mke wa marehemu, na watoto atakaozaa baadaye huhesabiwa wa marehemu. Miongoni mwa Waturkana na Waborana, ndugu wa mume alitarajiwa kumchukua mjane. Walioishi ndani ya desturi hizo watakuambia kwamba zilikuwa na joto lake: mjane hakuhamishwa boma, watoto hawakutawanywa, ng'ombe wa maziwa hawakumtoka. Waborana wana pia busa gonofa, utaratibu wa ukoo kumchangia mifugo aliyefilisika ili asimame tena, na sijui tiba nyingi za unyonge zinazoweza kushindana na mtamba anayekaribia kuzaa. Lakini utaratibu huo unamdai mwanamke akubali, na moyo haukubali kwa amri. Ndiyo maana Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 iliweka kumrithi mjane kwa lazima katika orodha ya ukatili. Neno zito hapo ni lazima. Sheria hiyo imempa mjane haki ya kukataa, ingawa haikumpa ng'ombe wa kukataa naye.

Wanawake waliokataa walikwenda wapi? Wapo walioanzisha makao yao wenyewe. Kilomita chache tu ng'ambo ya mpaka wa Isiolo, karibu na Archers Post katika kaunti ya Samburu, kipo kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa mwaka 1990 na Rebecca Lolosoli na wenzake, baadhi yao wakiwa wamefukuzwa na waume zao baada ya kubakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakifanya mazoezi eneo hilo. Waliishi kwa kuuza shanga kwa watalii wanaokwenda hifadhi za Samburu na Buffalo Springs. Wageni wengi huja kukipiga picha kama kijiji kisicho na wanaume. Kinachonigusa mimi ni jambo dogo kuliko hilo: pale mwanamke aliyefukuzwa hakuulizwa amekosa nini, kwa sababu kila aliyempokea alikuwa na kisa chake.

Na sasa talaka. Mila ya kale ya Waborana iliipa nafasi finyu sana. Ndoa ilikuwa mkataba wa koo mbili, na mke aliyeudhiwa alirudi kwao kwa muda kisha akarudishwa. Uislamu ulipoenea miongoni mwa Waborana wa bonde la Ewaso Nyiro katika karne ya 20, na mji ulipokua, talaka ikawa jambo la kawaida zaidi. Kwa Wasomali mwanamke aliyeachika huolewa tena bila doa kubwa. Kwa Wakristo wa mji, mahakama ndiyo mlango, na Sheria ya Ndoa ya 2014 ilipotungwa ilimtaka aliyefunga ndoa ya kiserikali angoje miaka 3 kabla ya kuomba talaka. Matokeo yake ni kwamba wengi hawaachani kisheria kamwe. Wanatengana tu, na hasara isiyo na tarehe ni ngumu kuizika.

Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka aliandika kuhusu huzuni ambayo jamii haiitambui, ambayo mwenye nayo hana ruhusa ya kuionyesha. Mtalaka ndiye mfano wake kamili. Akilia, anaambiwa bado anamtaka. Asipolia, anaambiwa ndiye aliyetaka kuachwa. Akicheka sokoni, wake za watu wanawavuta waume zao karibu. Na aliyemwacha hajafa: anapita na bodaboda mbele ya duka, amebeba mke mwingine, na Isiolo ni mji mdogo. Mjane anaruhusiwa kumfanya marehemu kuwa mwema kuliko alivyokuwa. Mtalaka hana starehe hiyo. Wengine wamepumua kwa sababu kipigo kimekwisha, kisha wanashangaa usiku mmoja wakimlilia mtu waliyemkimbia, na hawana wa kumwambia kwa sababu kila mmoja alishawapongeza.

Ninalotaka lisikike msikitini na kwenye baraza za wazee ni hili: dini imeshampa mtalaka kile ambacho desturi yetu inamnyima. Sura inayoitwa At-Talaq, ya 65 katika Qurani, inakataza wanaume kuwatoa wanawake katika nyumba zao wakati wa eda, isipokuwa kwa uchafu ulio wazi, na inaamuru wakalishwe pale pale waume wanapokaa, bila kudhikishwa. Eda hiyo ni twahara tatu, au miezi 3 kwa asiyepata hedhi, au mpaka ajifungue kama ni mjamzito. Katika talaka rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke, ana haki ya malazi na matumizi muda wote huo. Tazama hekima ya kisaikolojia iliyomo: hasira inapewa muda wa kupoa, watoto hawaamki siku moja bila mama au baba, na mwanamke anayajua mapema maisha yanayokuja badala ya kuyakuta kituoni. Sasa linganisha na gari la jioni la Merti. Eda ya mjane tunailinda hadi rangi ya kitambaa; eda ya mtalaka tunairuka siku ya kwanza, kisha tunashangaa mbona hajasahau baada ya miaka 5.

Wanaume nao wamesahauliwa, kwa namna nyingine. Mgane hana eda. Anaweza kuoa hata kabla ya arobaini, na jamaa humsukuma afanye hivyo kwa sababu ya watoto. Wengi huoa kabla hawajalia. Tafiti za Ulaya na Marekani zimeonyesha tena na tena kwamba kifo cha mke huongeza hatari ya mume kufa katika miezi inayofuata, zaidi ya ilivyo kwa wake, na sababu mojawapo ni kwamba mke ndiye aliyekuwa akimuunganisha na watu, chakula na dawa. Hapa mgane au mwanamume aliyeachwa huenda na mifugo fora, malishoni mbali na kijiji, ambako ataonekana mchapakazi. Wa mjini atakaa na wenzake kwenye miraa mpaka usiku wa manane, na usingizi ukimpotea ataulaumu mmea. Mara ngapi umesikia mtu akimuuliza mwanamume aliyeachika kama anakula?

Kuna pia kundi ambalo Isiolo inalijua kuliko sehemu nyingi za Kenya: wake ambao waume zao hawakufa wala hawakuwaacha, walipotea. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwafungia Waborana wa hapa katika kambi za Garbatulla, Merti na kwingineko, mifugo ikauawa au ikafa kwa kukosa malisho, na wanaume wakachukuliwa wasirudi. Waborana wanakiita kipindi hicho Gaafa Daaba, wakati wa kuzuiwa. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa dhidi ya kushtakiwa kwa waliyoyafanya huku. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipopita kaskazini mwaka 2011, kulikuwa na wanawake wazee waliokuwa wakingoja kusikilizwa kwa miaka zaidi ya 40. Pauline Boss, aliyeanza na wake za marubani wa Kimarekani waliopotea vitani Vietnam, anaiita hii hasara isiyo wazi, na anasema ndiyo inayochosha kuliko zote kwa sababu kukubali kunafanana na usaliti. Sheria ya Kenya humhesabu mtu amekufa asiposikika kwa miaka 7. Wizi wa mifugo na njia ya kutafuta kazi ng'ambo vinaendelea kuzalisha wake wa aina hii.

Lini huzuni inakuwa ugonjwa? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022, linataja huzuni ya muda mrefu pale majonzi makali yanapomlemaza mtu zaidi ya miezi 6 na kupita kawaida ya jamii yake. Wamarekani wanangoja mwaka. Sehemu hiyo ya kawaida ya jamii ni muhimu. Mjane anayezungumza na marehemu anapochanganya chai hana wazimu. Watafiti wa miaka ya 1990 walikubali kwamba uhusiano na aliyekufa huendelea na mara nyingi husaidia. Lakini asiyeoga, asiyekula, asiyewatambua watoto wake baada ya miezi hiyo, au anayesema afadhali amfuate, apelekwe hospitali, wala si dua peke yake. Dua iende naye.

Mengine yote yanafanyika mtaani. Chama kinachompelekea mjane mchango kinaweza kumpelekea mtalaka. Imamu anayesoma matangazo ya mazishi anaweza kusoma hukumu ya nyumba ya eda. Na katika Mahakama ya Kadhi mjini Isiolo, mwanamume anapoleta talaka yake iandikwe, kuna swali moja ambalo linapaswa kutangulia yote, kabla ya mahari na kabla ya watoto: huyu mke usiku wa leo analala wapi?